Mwenye Usingizi Ni Mlalaji: Historia ya Neno Lililofanywa Dawa ya Maumivu

Wahenga wetu walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Msemo huu huambiwa mtu anayetaka kumpimia mwenzake uchungu asioubeba yeye. Na katika machungu yote ya mwili, hakuna yanayouthibitisha msemo huo kuliko maumivu sugu, yale yasiyokuja na kuondoka kama homa, bali huhamia mwilini na kufanya makao. Kidonda huonekana, na mfupa uliovunjika hupigwa picha. Lakini mgongo unaouma mwaka wa saba, au kichwa kinachowanga kila alfajiri, au mguu unaowaka moto ilhali mguu wenyewe ulikwishakatwa, hayo hayana shahidi ila mwenyewe. Aghalabu mgonjwa wa namna hii hubeba mizigo miwili: maumivu yake, na kutosadikiwa.

Makala haya yanaeleza historia ya njia moja ya kuyakabili maumivu hayo. Wataalamu huiita hipnosia, na inapofanywa na mtu kwa nafsi yake huitwa hipnosia ya nafsi. Maana yake ni mtu kujitia kwa hiari katika utulivu mzito, fikra zikiwa zimekazwa mahali pamoja, kisha akaiambia nafsi yake maneno yanayobadilisha namna maumivu yanavyomfikia. Msomaji asikimbilie kudhani kuwa ni mazingaombwe. Ni kweli jambo hili limepita mikononi mwa matapeli. Lakini limepita pia mikononi mwa wapasuaji na watafiti wa maabara, nao hawakulitupa.

Kwa zaidi ya miaka 200 swali lililobishaniwa ni moja tu: nguvu hii ni ya nani? Ni ya anayesema, au ni ya anayesikia? Aliyelijibu kwa uwazi mapema kuliko wengi alikuwa mwana wa mwambao wa Bahari ya Hindi, ng'ambo yetu ya mashariki. Na kwa kuwa dawa yenyewe imetengenezwa kwa maneno, wapenzi wa ushairi wana haki ya kuijua habari yake, na huenda wana kazi ya kufanya ndani yake.

Sumaku ya Mesmer

Mwaka 1778 aliingia Paris daktari mmoja aliyesomea Vienna, jina lake Franz Anton Mesmer. Alidai kwamba ulimwengu umejaa umajimaji usioonekana, aliouita sumaku ya viumbe, na kwamba maradhi ni kuzibika kwa mkondo wake mwilini. Wagonjwa walikaa kulizunguka pipa kubwa, wakashika vyuma vilivyochomoza kutoka humo, muziki ukipigwa, naye Mesmer akipita kati yao akiwapunga kwa mikono. Wengine walilia, wengine walitetemeka na kuanguka, na baadhi yao waliinuka wakisema maumivu yamewatoka. Msomaji wa pwani aliyewahi kushuhudia ngoma ya kupunga pepo hataona ugeni mkubwa katika maelezo haya.

Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliunda tume ya kulichunguza jambo hilo. Ndani yake walikuwemo Benjamin Franklin, aliyekuwa mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa, na Lavoisier, mwanakemia mkubwa wa zama zile. Katika bustani ya Franklin huko Passy, mti mmoja ulitiwa hiyo iliyodaiwa kuwa sumaku. Kijana wa miaka 12 alifungwa kitambaa machoni, akapelekwa kwenye miti mingine isiyotiwa kitu. Alipoufikia mti wa nne alizimia, na mti wenye sumaku ulikuwa mbali naye. Tume ikahukumu kwamba sumaku hiyo haipo, na kwamba kilichotenda kazi ni fikra za mgonjwa mwenyewe.

Hukumu ilikuwa ya haki, lakini iliishia nusu ya safari. Charles d'Eslon, tabibu aliyemfuata Mesmer, alikuwa ameshauliza: ikiwa fikra peke yake yaweza kuponya, kwa nini tusiitumie hiyo fikra? Wanatume walikuwa wametafuta umajimaji, hawakuuona, wakafunga daftari. Kwao neno "fikra" lilikuwa na maana ya "si kitu". Mgonjwa aliyepoteza maumivu yake kwa saa tatu alibaki na aibu ya kuambiwa kwamba hakupoteza chochote.

Padri wa Goa

Watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa sana Goa ni wapi. Huko ndiko walikokaa wajumbe wa mfalme wa Ureno walioitawala Mombasa kutoka ng'ambo, tangu Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa mwaka 1593 hadi ilipotekwa na Waomani mwaka 1698. Na katika karne ya 19 Wagoa wengi walihamia Unguja, wakawa makarani, waokaji mikate, washonaji na matabibu.

Katika kijiji cha Candolim, huko huko Goa, alizaliwa mwaka 1756 José Custódio de Faria. Wazazi wake walitengana. Baba akawa padri, mama akaingia utawa. Mwaka 1771 baba alimchukua mwanawe hadi Lisbon, na kutoka hapo kijana akaenda kusoma Roma, ambako alipewa upadri mwaka 1780. Yasimuliwa kwamba aliposimama kuhubiri mbele ya Malkia wa Ureno, ulimi ulimganda. Baba yake, aliyekuwa karibu, akamnong'oneza kwa Kikonkani kwamba hao wote mbele yake ni mboga tu, basi azikate mboga. Hofu ikamtoka papo hapo, akahubiri vizuri. Wasimulizi wa maisha yake hupenda kusema kwamba hapo ndipo alipoanza kujiuliza: sentensi moja fupi ya lugha ya nyumbani ilifanya nini ndani ya mwili wake, hata magoti yakaacha kutetemeka?

Mwaka 1787 iligunduliwa njama ya mapadri na askari wa Goa dhidi ya utawala wa Wareno, na baba na mwana wakaingia katika wanaoshukiwa. Mwaka uliofuata Faria alihamia Ufaransa. Aliishi humo katika misukosuko ya mapinduzi, akafundisha falsafa kusini mwa nchi, na mwaka 1813 akafungua mjini Paris mihadhara ya hadhara juu ya alichokiita usingizi wenye mwanga, yaani hali ambayo mtu huonekana amelala na huku akili yake iko macho.

Hakuwa na pipa wala vyuma. Alimketisha mtu kitini, akamwambia afumbe macho na azikusanye fikra zake juu ya usingizi, kisha akamwamuru alale. Wengine walilala, wengine hawakulala, na Faria hakuona haya kwa hao wasiolala. Alieleza kwamba hakuna kitu chochote kinachotoka kwake kumwendea mlalaji. Chanzo cha usingizi kimo ndani ya mlalaji mwenyewe, katika kuzikusanya fikra zake. Na anayeamuru si mwenye nguvu, ni mwenye kuonyesha mlango tu. Asiyetaka kulala, hakuna mkono wa kumlaza.

Faria alikosea katika mambo mengine. Alidhani, kwa mfano, kwamba wepesi wa kulala hutokana na wepesi wa damu. Lakini katika jambo kuu aliona mbali. Malipo yake yalikuwa kicheko. Mwaka 1816 wachezaji wa tamthilia walimfanyia dhihaka jukwaani, na watu wakaacha kuja. Alifariki mwaka 1819, mwaka ule ule kitabu chake kilipochapishwa, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Alexandre Dumas alilichukua jina lake akampa padri mfungwa katika riwaya ya Le Comte de Monte-Cristo, iliyotoka kati ya 1844 na 1846, na wengi wanaolijua jina la Faria wanalijua kwa riwaya hiyo tu.

Mji wa Panjim, huko Goa, ulimwekea sanamu mwaka 1945. Inamwonyesha amesimama na mikono ameinyoosha juu ya mwanamke anayeanguka, utadhani nguvu zinamtoka vidoleni. Basi hata kwao wamemkumbuka kwa lile alilolikanusha.

Mabusha ya Hooghly

Sasa tupande kutoka Goa hadi Bengali, upande wa pili wa Bara Hindi, miaka 26 baada ya kifo cha Faria. Katika mji wa Hooghly, kando ya mto, palikuwa na hospitali ya Imambara, iliyotokana na wakfu wa Haji Muhammad Mohsin, tajiri aliyeacha mali yake itumikie dini, elimu na wagonjwa. Daktari wake alikuwa Mskoti wa Kampuni ya Mashariki ya India, James Esdaile. Maradhi yaliyomjazia wodi yanajulikana sana kwetu: matende na mabusha. Mbu wa Bengali na mbu wa mwambao wetu hueneza mnyoo ule ule. Ndiyo maana Zanzibar ilianza mwaka 2001 kugawa vidonge kwa wakaazi wote ili kuukata mzizi wake. Lakini mwaka 1845 hapakuwa na kidonge. Palikuwa na kisu, na mgonjwa alikatwa akiwa macho, akishikwa na wanaume wanne au watano.

Tarehe 4 Aprili 1845 Esdaile alikuwa akimtibu mabusha mfungwa mmoja, Madhab Kaura. Dawa iliyotiwa kwenye jeraha ilimtesa vikali. Esdaile alikuwa amesoma habari za Mesmer bila kuziona zikifanywa, na akaona ajaribu. Alimpitishia mikono juu ya uso na kifua, bila kumgusa, muda mrefu, mpaka mtu yule akatulia, kisha akawa hasikii kuchomwa pini wala moto karibu na ngozi. Kuanzia siku ile Esdaile aliifanya njia hiyo kuwa desturi ya hospitali. Katika kitabu chake cha mwaka 1846 aliorodhesha operesheni 73 zilizofanywa bila maumivu katika miezi minane. Miongoni mwa mabusha aliyoyaondoa yalikuwemo yenye uzito wa ratili 8 hadi 80.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha. Esdaile aliwafundisha wasaidizi wa hospitali, vijana wa Kihindu na Kiislamu, nao ndio waliokaa katika chumba chenye giza, wakiinamia kichwa cha mgonjwa, wakimpitishia mikono na kumpulizia pumzi kwa saa moja au mbili, pengine siku kadhaa mfululizo, kabla kisu hakijaletwa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alikutana na mganga maarufu wa Bengali na kuona kuwa naye hutibu kwa kupitisha mikono na kupuliza. Wenyeji walikuwa na la kwao kabla yake.

Mwaka 1846 serikali ilimpa tume ya uchunguzi, kisha hospitali ndogo ya majaribio mjini Calcutta. Lakini mwaka huo huo, tarehe 16 Oktoba, madaktari wa Boston walionyesha upasuaji kwa mvuke wa etha, na Novemba 1847 klorofomu ikaanza kutumika Edinburgh. Nusukaputi ilikuwa imefika. Ilimlaza kila mtu, kwa dakika chache, bila wasaidizi wa kuinama saa mbili gizani. Esdaile aliondoka Bara Hindi mwaka 1851, na habari yake ikafifia.

Hatuna sababu ya kuililia zama ile. Nusukaputi ni rehema kubwa. Lakini tukiitazama ile wodi ya Hooghly kwa macho ya Faria, tunaona upungufu mmoja. Esdaile aliamini kwamba kuna kitu kinachotoka mwilini mwa mtoaji kumwingia mgonjwa. Kwa hiyo mgonjwa hakufundishwa kitu. Alilazwa, akapungwa, akakatwa, akaamka. Wa kwanza wao alikuwa mfungwa, na mfungwa hana wingi wa hiari. Sauti zao zatufikia kwa kalamu ya daktari tu. Utulivu ulikuwa mwilini mwao, lakini ulihesabiwa kuwa mali ya mwingine. Na waliporudi vijijini kwao hawakurudi nao.

Tena nusukaputi ilitatua maumivu ya saa moja. Yale ya miaka 20 haikuyatatua, kwa kuwa hakuna awezaye kuvuta etha kila usiku akaishi. Kwa maumivu hayo palihitajika kitu ambacho mgonjwa aweza kukibeba mwenyewe.

Bega la Braid

Novemba 1841 daktari mpasuaji wa Manchester, James Braid, alikwenda kutazama maonyesho ya Mfaransa mmoja aliyekuwa akizunguka na elimu ya Mesmer. Alikwenda akitaka kuufichua udanganyifu. Akarudi nyumbani akiwa na swali: kwa nini kope za yule mtu zilishindwa kufunguka? Alijaribu kwa jamaa na watumishi wake, akawataka wakazie macho kitu kinachong'aa kilichowekwa juu kidogo ya paji la uso, na wakalala bila yeye kuwapunga. Ikambainikia kwamba umajimaji hauhitajiki. Katika kitabu chake cha mwaka 1843 alilipa jambo hilo jina lililotokana na Hypnos, usingizi wa Wayunani, na ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Kinachotuhusu zaidi ni la Septemba 1844. Braid mwenyewe alishikwa na baridi yabisi kali upande wa kushoto, shingoni, kifuani na mkononi. Siku zilipita bila usingizi. Hakuweza kugeuka kitandani wala kuvuta pumzi kwa nguvu. Akaamua kujifanyia alilokuwa akiwafanyia wengine. Aliwaweka marafiki wawili chumbani wamtazame, akaketi, akakaza macho, akajitia usingizini. Baada ya dakika tisa wakamwamsha. Maumivu hayakuwepo. Yalirudi kidogo baadaye, akarudia. Na alipoandika habari hiyo ilikuwa imepita karibu miaka sita bila ugonjwa huo kumrudia.

Kisa cha mtu mmoja si ushahidi wa tiba, na baridi yabisi ina tabia ya kuja na kuondoka. Uzito wake uko pengine. Hapa daktari na mgonjwa wamekuwa mtu mmoja, na hakuna tena pa kuificha nguvu. Mikono ya nani ilimpunga Braid? Pumzi ya nani ilimpulizia? Alilolisema Faria kwa hoja, Braid alilionja kwa bega lake.

Kamba ya vifundo 20

Mwanzoni mwa karne ya 20 mfamasia wa Kifaransa, Émile Coué (1857–1926), alilichukua jambo hili hadi kwa watu wa kawaida. Alikuwa ameona dukani kwake kwamba dawa iliyotolewa pamoja na neno jema ilifanya kazi kuliko ile ile iliyotolewa kimya. Aliwafundisha watu wakariri sentensi fupi ya matumaini mara 20 kila asubuhi na kila usiku, kwa sauti ya chini, wakihesabu kwa kamba yenye vifundo 20, mfano wa tasbihi. Wengi walimcheka, na kweli aliahidi mengi kuliko yanayowezekana. Lakini aliwaambia waliomjia kwamba yeye hamponyi mtu, anawafundisha kujisaidia.

Nchini Marekani, Milton Erickson alipatwa na polio mwaka 1919 akiwa na miaka 17. Alipona akaja kuwa daktari wa akili, lakini maumivu ya misuli yalimwandama hadi kifo chake mwaka 1980, na akayakabili kwa hipnosia ya nafsi. Kwake kazi hiyo haikuwa ya mara moja. Maumivu yalirudi, naye akaanza upya. Vyama vya madaktari navyo vilianza kulegea: cha Uingereza kiliikubali hipnosia kuwa chombo cha tiba mwaka 1955, na cha Marekani mwaka 1958.

Kisha zikaja maabara. Ernest Hilgard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitengeneza mizani ya kupima wepesi wa mtu kuingia katika hali hiyo, na wakayapima maumivu kwa mkono uliotiwa katika maji ya barafu. Waligundua kwamba watu hawalingani: wachache ni wepesi sana, wachache ni wagumu kabisa, na wengi wako kati, na wepesi huo haubadiliki sana umri unapokwenda. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake wa Montréal walipiga picha za ubongo wa watu walioweka mkono katika maji ya moto. Maneno ya hipnosia yaliyolenga kupunguza karaha ya maumivu, bila kugusa ukali wake, yalibadilisha kazi ya sehemu ya ubongo inayohusika na karaha, na sehemu inayopokea hisia yenyewe ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Tume ya mwaka 1784 ilisema ni fikra tu. Baada ya miaka 213 ilionekana kwamba fikra nayo ina mahali pake mwilini.

Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Elvira Lang na wenzake juu ya wagonjwa 241 waliotibiwa mishipa na figo wakiwa macho. Waliofundishwa kujituliza kwa hipnosia ya nafsi hapo hapo mezani hawakuzidiwa na maumivu kadiri muda ulivyokwenda, ilhali wengine walizidiwa. Na kazi yenyewe ilimalizika kwa wastani wa dakika 61, badala ya 78 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 2019 mapitio ya majaribio 85 ya maabara yalionyesha kwamba maumivu yalipungua kwa asilimia 42 kwa walio wepesi sana na asilimia 29 kwa walio kati. Wagumu walipata faida ndogo.

Hayo ni maumivu ya muda mfupi. Kwa maumivu sugu mambo ni ya polepole zaidi. Watafiti wa Seattle, Mark Jensen na David Patterson, waliowafundisha watu wenye majeraha ya uti wa mgongo na maradhi mengine ya kudumu, waliona kwamba kwa baadhi yao maumivu yalipungua vya kutosha, na kwa wengine kipimo kilishuka kidogo tu. Hata hivyo wengi wa hao wa pili waliendelea kujizoeza nyumbani, kwa sababu walipata saa chache za raha, usingizi bora, na kitu cha kukifanya wao wenyewe pale maumivu yanapopanda. Kwa mtu aliyezoea kungoja, hilo si dogo.

Neno liwe la nani?

Basi hipnosia ya nafsi hufanywaje? Mtu huketi mahali pa utulivu, hukaza macho au huyafumba, huiacha pumzi ipungue kasi, huulegeza mwili kiungo kwa kiungo. Halafu huja maneno, na maneno hayo hubeba picha. Mmoja hujiona amechovya mkono katika maji baridi mpaka ukafa ganzi, kisha huuhamisha ganzi huo kwa kuuweka mkono pale panapouma. Mwingine huyasogeza maumivu mbali, kama sauti ya ngoma ya mtaa wa pili. Mwisho hujirudisha taratibu. Dakika 15 au 20 hutosha, ila ni kazi ya kila siku, na mwanzo wake hufaa uwe mbele ya mtaalamu. Haichukui nafasi ya daktari. Maumivu ni mjumbe, na mjumbe husikilizwa kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na anayelituliza tumbo kabla ya kujua linauma kwa nini anaweza kujidhuru. Wenye maradhi ya akili yanayowatenga na uhalisi nao wasiifanye bila uangalizi wa daktari.

Ni katika maneno hayo ndipo washairi wanapoingia. Vitabu na kanda nyingi za mafunzo haya zimeandikwa kwa lugha za Ulaya, na picha zake ni za huko: ngazi inayoshuka kwenye bustani, theluji, moto wa kuota sebuleni. Mzee wa Micheweni au wa Siyu anayeambiwa azame katika theluji ataanza kwanza kuitafuta theluji yenyewe, na utulivu utakuwa umekwisha mkimbia. Faria aliponywa hofu mimbarini kwa Kikonkani. Neno linaloshuka hadi kwenye magoti ni lile tulilolisikia kabla ya kujua kusoma.

Na Kiswahili hakikosi. Tazama tulivyo na maneno ya maumivu peke yake: kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo hunyonga, ubavu hupata kichomi, koo hukereketa, kidonda huchonyota. Anayejua kuyatenganisha hivyo ameshaanza kazi, kwa kuwa moja ya mbinu za hipnosia ni hiyo hasa: kuichukua hisia inayochoma na kuigeuza taratibu iwe inayopwita, na inayopwita iwe inayogusa tu. Bahari nayo imetupa picha ambazo hakuna haja ya kuzifasiri. Kila mtoto wa kisiwani anajua kwamba bamvua haidumu, kwamba baada yake huja maji mafu, na kwamba maji yanayopwa hayasukumwi na mtu. Hungojewa, nayo huondoka yakiacha mchanga. Mwenye maumivu sugu anayajua majira hayo mwilini mwake. Hajapata tu wa kumpa maneno.

Mama anayembembeleza mtoto hutumia sauti ya chini, mapigo yanayorudi, na neno lile lile mara nyingi mpaka kope zikawa nzito. Mizani, kina na kiitikio ni vyombo vya ushairi, na ni vyombo vya usingizi huu pia. Hatusemi kwamba shairi ni dawa, wala kwamba malenga awe tabibu. Tunasema kwamba daktari atakayetaka kumfundisha mgonjwa wa mwambao njia hii atahitaji maneno yaliyopimwa vizuri, na hayo hayauzwi katika duka la dawa. Akae na mtu anayeijua lugha, waandike pamoja, wayajaribu kwa wagonjwa, na wayaache yale yasiyoshuka.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Tumezoea kulisema hilo tukimsifu msemaji. Padri wa Candolim angetuomba tumtazame pia nyoka, kwa kuwa ndiye aliyesikia na ndiye aliyetoka. Mwenye maumivu akifundishwa maneno ya lugha yake, akayazoea, huwa nayo usiku wa manane, saa ambayo daktari amelala na duka la dawa limefungwa.